Namna ya Kunyamazisha Mwangwi

Muuza nyama anapokupimia kilo moja, macho yako yako kwenye mizani. Wewe hujui kilo hasa ni nini, naye hajui. Nyote wawili mmeuamini ule mshale. Mizani nayo inaaminiwa kwa sababu siku moja afisa wa vipimo alifika na mawe yake, akayaweka juu ya sahani, akatazama mshale umesimama wapi, akagonga muhuri. Mawe ya afisa yalipimwa kwa mawe mengine, na hayo kwa mengine. Ukiufuata mnyororo huo utafika mbali sana na bucha.

Sauti ya chini ya maji ina mizani yake pia. Nimekuwa nikiisoma historia ya mizani hiyo kwa miezi kadhaa, usiku, kazi zikiisha, na nashangaa kwamba watu wachache sana huizungumzia. Chombo chenyewe huitwa transdusa. Ukikipa umeme, kinatikisika na kutoa sauti majini. Sauti ikikigonga, kinatoa umeme. Kikiwa cha kusikiliza tu, huitwa haidrofoni. Manowari, meli za mizigo, mashua za uvuvi, watu wanaofuatilia nyangumi: wote hukitegemea. Lakini haidrofoni ikikupa volti, bado hujajua sauti iliyokuwa majini ilikuwa kubwa kiasi gani. Lazima kwanza uipime haidrofoni yenyewe, uipe sauti unayoijua kisha uone inajibu nini. Huko ndiko kuikalibreti. Na tangu kazi hii ianze, anayeivuruga ni yule yule: mwangwi.

Mwanzoni hakuna aliyehangaika naye. Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na mwenzake Charles Sturm walipima kasi ya sauti majini katika Ziwa la Geneva. Mashua moja ilikuwa na kengele iliyozamishwa. Ilipogongwa, baruti iliwaka juu papo hapo. Kilomita 13 na kitu kutoka hapo, Colladon alikaa ndani ya mashua nyingine, sikio kwenye bomba refu lililotumbukizwa ziwani, akiusubiri mwako kisha akihesabu sekunde mpaka sauti ifike. Walipata mita 1,435 kwa sekunde, jibu ambalo kwa maji baridi kama yale bado ni zuri hata leo. Kilichonishika mimi ni maelezo yake mengine: kwamba kengele iliyosikika chini ya maji haikuvuma kama kengele. Ilikuwa mlio mfupi, mkavu, kama visu viwili vikigonganishwa. Kwa hiyo kuanzia siku za mwanzo kabisa watu walijua kwamba maji hayakuletei sauti jinsi ilivyotoka.

Baada ya Titanic kuzama Aprili 1912, mwangwi ukageuka kuwa kitu cha kutafutwa. Tarehe 27 Aprili 1914, Mkanada Reginald Fessenden akiwa kwenye meli ya Marekani iliyoitwa Miami alipiga sauti majini kwa mtambo wake wa umeme, akasikia ikirudi kutoka kwenye mlima wa barafu ulio zaidi ya kilomita tatu mbali. Alisikia pia sakafu ya bahari ikijibu. Vita Kuu ikaanza, na Ufaransa Paul Langevin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, akachukua fuwele za kwatzi ambazo ndugu wawili Curie walikuwa wamegundua tangu 1880 kwamba ukizibana zinatoa umeme, akazibana kati ya mabamba ya chuma. Kufikia 1918 alikuwa anapata mwangwi wa nyambizi. Sauti yake ilikuwa kali kiasi kwamba samaki waliopita mbele ya chombo ndani ya tangi walikufa.

Watu hawa wote swali lao lilikuwa moja: je, kuna kitu kule? Jibu ni ndiyo au hapana. Kupima ni jambo jingine. Kupima kunauliza: kwa kiasi gani, na una uhakika gani?

Swali hilo la pili lilikuja na vita vilivyofuata. Mwaka 1940 W. R. MacLean alichapisha makala yaliyoonyesha unavyoweza kupima sauti bila kuwa na kipimo kingine cha kuazima. Naomba msomaji unisikilize hapa, kwa sababu ni wazo zuri sana. Una vyombo vitatu na humwamini hata kimoja. Cha kwanza kinampigia wa pili, unaandika volti. Kisha cha kwanza kinampigia wa tatu. Kisha wa tatu anampigia wa pili. Mmoja wao lazima awe wa kwenda na kurudi, yaani aongee na asikie kwa sheria ile ile. Ukizidisha na kugawa majibu yale, vitu usivyovijua vinakatana vyenyewe kwa vyenyewe, na unabaki na unyeti wa haidrofoni, ukiwa umetumia volti, ampea, umbali, densiti ya maji na frikwensi, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Ni kama wazee wa baraza wanaohoji mashahidi watatu waongo, mmoja mmoja, na kutoka na ukweli kwa kulinganisha uongo wao.

Lakini hesabu hiyo ina sharti. Inadhani maji hayana mwisho. Hayana juu, chini wala pembeni. Sauti ikiondoka imeondoka. Maji kama hayo hayapo popote duniani.

Njia ya kwanza ya kulitimiza sharti hilo ilikuwa kukimbia kuta. Mwaka 1941 Marekani ilianzisha maabara ya vipimo vya sauti ya majini, na makao yake yakawa Orlando, Florida, kando ya ziwa dogo liitwalo Gem Mary. Baadaye wakaongeza chemchemi ya Bugg, katika jimbo lilo hilo, shimo la maji lenye kina cha zaidi ya mita 50, maji yenye joto lile lile mwaka mzima, kimya kama kaburi. Waingereza wa maabara ya taifa ya vipimo, ile ya Teddington, wana kibanda kinachoelea kwenye bwawa la Wraysbury, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow. Napenda kulifikiria jambo hilo: ndege zinapasua mbingu juu, na chini ya kibanda mtu anahangaika na sauti ambayo hata mvua inaweza kuiharibu.

Maziwa yana shida zake. Yana upepo, yana msimu wa baridi, yana samaki wanaopita bila ruhusa. Tangi ndani ya jumba ni raha zaidi: maji yako unayajua, joto unalichagua, unakunywa chai ukipima. Tatizo ni kuta. Na mbaya kuliko kuta ni uso wa maji. Sauti ikitoka chini kuelekea hewani, karibu yote inarudishwa, tena ikiwa imegeuzwa: penye kusukuma panakuwa pa kuvuta. Kuta unaweza kuzivisha mpira au mbao zenye ncha ili zimeze sauti, lakini sauti nene yenye frikwensi ya hezi 1,000 ina wimbi la mita moja na nusu majini. Godoro la kumeza wimbi la namna hiyo lingejaza nusu ya tangi.

Hebu tuhesabu, maana hesabu yenyewe ndiyo kisa. Chukua tangi la kina cha mita 5. Vyombo viwili vinaning'inia katikati, mita 2.5 kutoka juu na 2.5 kutoka chini, vikiachana mita 1.5. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Sauti ya moja kwa moja inafika baada ya milisekunde 1. Ile iliyopanda juu ikagonga uso wa maji ikashuka imetembea mita 5.2, inafika karibu milisekunde 2.5 baadaye. Hizo milisekunde mbili na nusu ndizo zote ulizonazo. Ndani ya muda huo unasikia ukweli. Baada yake unasikia ukweli na jumba.

Basi wapimaji wakajifunza kupiga sauti fupi, mpigo tu, na kusikiliza kupitia mlango unaofunguka na kufungwa kwa wakati wake. Mpigo wa moja kwa moja ukishapita, mlango unafungwa. Mwangwi ukija unakuta pamefungwa. Kwa frikwensi ya hezi 10,000, ndani ya milisekunde 2.5 unapata mitikisiko 25, inatosha kabisa. Kwa hezi 1,000 unapata miwili na nusu.

Na hapo ndipo pazuri panapoharibika. Transdusa haianzi kuimba kwa nguvu yake yote mara moja. Ni kama bembea: unaisukuma, unaisukuma, mpaka ifike kimo chake. Chombo chenye mwitiko wa wastani, wahandisi wangesema Q yake ni 5, kinahitaji kama mitikisiko mitano kufika asilimia 96 ya kimo hicho. Ukifunga mlango baada ya mitikisiko miwili na nusu, umekiona kikiwa asilimia 79. Ukiandika namba hiyo kwenye cheti, umeandika uongo wa desibeli 2, kwa mkono wa unyoofu kabisa, kwenye karatasi yenye muhuri. Ukisubiri kifike kimo chake, mwangwi umeshaingia. Robert Bobber wa maabara ile ya Orlando aliandika kitabu kizima juu ya vipimo vya umeme na sauti ya majini, kilichotoka 1970, na huwezi kukisoma bila kuhisi mvutano huu kati ya muda na ukuta.

Niseme kwa nini haya yamenishika. Niliacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme, karo ikiwa imewashinda nyumbani. Tangu hapo ninaandika, na pale uandishi usipolipa kodi ya nyumba, ninafanya kazi ya kunukuu sauti: natumiwa faili, nasikiliza, naandika kilichosemwa, nalipwa kwa dakika. Mwaka jana nilipata rekodi ya mkutano wa familia moja kuhusu shamba. Ilirekodiwa kwa simu ndani ya ukumbi wenye kuta za saruji na mabati juu, na kila neno lilikuwa linakanyagwa na neno lililotangulia. Mzee mmoja alitaja ekari alizopewa ndugu yake. Zilikuwa tatu, au zilikuwa tano. Maneno hayo hutofautiana silabi moja tu, na silabi hiyo ndiyo ukumbi ulikuwa umeimeza.

Niliipitisha ile faili kwenye programu ya kuondoa mwangwi. Ikatoka safi, sauti ya mzee kama yuko chumbani kwangu. Alisema "tano," waziwazi. Nikabadilisha mpangilio mmoja wa programu, nikarudia. Safari hii alisema "tatu," waziwazi vilevile.

Nikaandika kwamba neno halisikiki, nikaweka alama ya dakika na sekunde, nikampelekea mteja. Hakufurahi. Ila usiku ule nilianza kuuliza: programu inajuaje kipi ni mzee na kipi ni ukumbi? Swali hilo ndilo lililonipeleka mpaka Orlando, na kutoka Orlando likanirudisha nyuma hadi Paris ya mapinduzi.

Mwaka 1795 Gaspard de Prony, mhandisi wa barabara na madaraja, alichapisha makala kuhusu jinsi gesi zinavyopanuka na nguvu ya mvuke wa pombe. Huyu ndiye Prony aliyesimamia majedwali makubwa ya logarithimu ya Ufaransa, kazi aliyoigawa kama kiwanda: wanahisabati wachache juu, chini kabisa kundi la watu wa kujumlisha na kutoa tu. Husimuliwa kwamba baadhi yao walikuwa wasusi wa nywele waliokosa kazi baada ya mabwana wenye mawigi kupoteza vichwa. Katika makala yake ya gesi kulikuwa na mbinu ya hesabu ambayo kwa muda mrefu ilibaki ya kusomwa zaidi kuliko ya kutumiwa.

Mbinu yenyewe ni hii. Nikikupa 80, 40, 20, utaniambia inayofuata ni 10. Umeona kwamba kila moja ni nusu ya iliyopita. Sasa niongeze 3 kwa kila namba: 83, 43, 23, 13. Si rahisi tena kuona, lakini sheria ipo. Kila namba ni moja na nusu ya iliyoitangulia, ukitoa nusu ya ile ya nyuma yake zaidi. Jaribu: moja na nusu ya 43 ni 64.5, nusu ya 83 ni 41.5, tofauti ni 23. Ukishaipata sheria hiyo huhitaji kusubiri. Inayofuata ni 8, kisha 5.5, kisha 4.25, na mwisho wa safari ni 3. Namba nne za kwanza zilitosha kukuambia mfululizo utatua wapi. Prony alionyesha kwamba kitu chochote kilichotengenezwa kwa mafungu machache yanayofifia kwa kiwango maalumu kina sheria ya namna hiyo, na sheria inapatikana kutoka kwenye vipimo vya mwanzo.

Rudi kwenye tangi. Transdusa inayopanda kuelekea kimo chake ni kitu cha namna hiyo hiyo: mtikisiko wa kudumu, pamoja na mtikisiko wa kuanzia unaofifia. Mwaka 1978 L. G. Beatty, J. D. George na A. Z. Robinson wa Orlando walichapisha matumizi ya njia hiyo kwa kalibresheni ya majini. Badala ya kusubiri chombo kitulie, walichukua sehemu ya mwanzo, kabla mwangwi haujafika, wakaiacha hesabu iseme kingetulia wapi. Mwangwi haukuondolewa. Haukungojwa hata. Walitoka jumbani kabla haujaingia, wakiwa na ushahidi wa kutosha mkononi.

Nilipoelewa hili nilisimama nikazunguka chumba, na chumba changu hakihitaji hatua nyingi. Kisha nikafanya kile ambacho mtu anayenukuu sauti hujifunza kufanya, nikaiharibu data kidogo. Tuseme mkono ulitetemeka na ile 13 ikasomwa 14. Ukitafuta sheria upya kutoka 83, 43, 23, 14, inakuambia zinazofuata ni 12, 19, 39, na kuendelea kupanda mpaka mbinguni. Kosa la moja tu, na mfululizo uliokuwa unatulia umepata wazimu! Tangi lako linakuambia kwamba transdusa italipuka.

Kinachookoa ni kujua kitu mapema. Mpimaji anajua frikwensi kwa sababu yeye mwenyewe ndiye anayeipiga. Katika mfano wangu, hiyo ni sawa na kujua kwamba sehemu moja ya mfululizo haifififii. Ukiiambia hesabu hivyo kabla haijaanza, namba zile zile zenye kosa zinatua karibu na 5. Si 3, lakini si wazimu. Na katika maabara halisi hawachukui namba nne. Wanachukua mamia, na makosa madogo yanapoozana. Hata hivyo lazima uamue ni mafungu mangapi ya kutafuta. Ukiamua machache, unaacha ukweli nje. Ukiamua mengi, kelele za chumba zinapewa jina na kuandikishwa kama sehemu ya chombo. Huko kuamua hakutoki kwenye data. Kunatoka kwa mtu.

Kuna ukoo mwingine wa mbinu, na huu ulianza na bomu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mataifa yalikuwa yanajadili kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, na swali lilikuwa: ardhi ikitikisika, utajuaje kama ni tetemeko au ni mlipuko? Kina kinasaidia. Tetemeko linaweza kuanzia kilomita nyingi chini, na mwangwi wake kutoka kwenye uso wa ardhi unachelewa kidogo nyuma ya mtikisiko wa kwanza. Bruce Bogert, Michael Healy na John Tukey waliona kwamba mwangwi ukijiunga na sauti yake huacha alama ya mawimbi kwenye chati ya frikwensi, kama mikunjo ya kitambaa, na umbali kati ya mikunjo unategemea kuchelewa. Mwangwi wetu wa milisekunde 2.5 ungeacha mkunjo kila hezi 400. Basi wakachukua logarithimu ya chati hiyo, maana logarithimu hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, kisha wakaichambua chati yenyewe kana kwamba ndiyo sauti. Mwangwi ukajitokeza kama kichuguu kimoja mahali pake.

Makala yao ya 1963 yana kichwa cha kuchekesha kuliko vyote nilivyowahi kuona katika sayansi. Kwa vile walikuwa wanafanya mambo kinyume, waligeuza maneno pia: silabi ya kwanza ya "spectrum" ikapinduliwa ikawa "cepstrum," na "frequency" ikawa "quefrency." Watoto wa pwani wangewaelewa mara moja, kinyume ni mchezo wao. Watoto wa Nairobi pia, waliochukua "story" wakaipindua ikawa risto. Neno la Tukey na wenzake limebaki. Leo limo katika vitabu vya uhandisi, na wanafunzi hulitamka kwa uso mkavu kana kwamba halikuanza kama utani. Na ile kazi ya kusikiliza mabomu iko hapa kwetu pia. Kilimambogo, kando ya Thika, kuna kituo cha mitetemo kilichomo kwenye mtandao wa kimataifa unaosimamia mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio hayo.

Kutoka kwenye cepstrum ilizaliwa njia ya kuufuta mwangwi kabisa. Unakata kile kichuguu, unarudi nyuma hatua kwa hatua, unapata sauti bila jumba. Alan Oppenheim aliweka msingi wa hesabu yake katikati ya miaka ya 1960, na Ronald Schafer akafanya kuondoa mwangwi kuwa mada ya tasnifu yake pale MIT. Kwa kitu kama kalibresheni mimi siiamini sana, na nitasema kwa nini. Kichuguu ukikikata, unakata pia chochote cha chombo kilichokuwa kimejificha hapo. Kwa tetemeko hiyo ni sawa, hutaki zaidi ya kujua kina. Kwa mzee wa ekari pia unaweza kusamehe kama sauti itabadilika kidogo, mradi neno lisibadilike. Lakini mtu anayetoa cheti hawezi kuzima sehemu ya ushahidi kisha atie sahihi. Njia ya Prony inakupa jibu lenye kujieleza: nilidhani hivi, nikapata hivi, na hii hapa tofauti kati ya dhana yangu na vipimo. Ukiona tofauti ni kubwa, unajua umedanganywa. Programu yangu ya kunukuu haikuwahi kunionyesha tofauti.

Ndiyo maana maziwa hayakuachwa. Maabara ya Orlando ilifungwa 1997 na kazi zake kuhamishiwa Newport, Rhode Island, ila chemchemi ya Bugg iliendelea kutumiwa. Kompyuta zimekuwa na nguvu mara nyingi kuliko za 1978, na bado frikwensi zikishuka sana, watu hufunga virago na kutafuta maji yenye kina. Hesabu inakuongezea tangi mita kadhaa ambazo hazipo. Haikupi bahari.

Na desibeli 2 zina uzito gani nje ya maabara? Tangu 1999 Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikipima samaki wa Ziwa Viktoria kwa sauti. Meli ya utafiti inapita kwa mistari ziwani, inapiga chini, na mwangwi unaorudi kutoka kwa mbuta na omena unajumlishwa kuwa tani. Kadiri mwangwi unavyozidi nguvu, ndivyo hesabu ya samaki inavyozidi. Mtambo ukisoma desibeli 2 chini ya ukweli, penye tani 100 utaandika 63. Ukisoma juu kwa kiasi hicho, utaandika 158. Kutoka kwenye namba kama hizo hutoka hoja za ukubwa wa matundu ya nyavu na miezi ya kufunga uvuvi, na mvuvi wa Homa Bay au Usenge hataulizwa kama mtambo ulipimwa vizuri. Ataambiwa samaki wamepungua. Huenda ni kweli. Dalili nyingine nyingi zinasema hivyo. Lakini ana haki ya kujua kwamba mizani ilikaguliwa.

Inakaguliwa, na kwa njia inayonifurahisha baada ya kurasa zote hizi za kuukimbia mwangwi. Mwaka 1987 Baraza la Kimataifa la Uchunguzi wa Bahari, ICES, lilichapisha mwongozo wa kukalibreti mitambo ya samaki bila ziwa la Florida na bila tangi. Unachukua gololi ya tungsteni kabaidi, ile ya kawaida ina kipenyo cha milimita 38.1, inchi moja na nusu kamili. Mwangwi wa gololi ya namna hiyo unaweza kuhesabiwa kwa karatasi kabla hujaigusa: ukubwa wake unajulikana, ugumu wake unajulikana, fizikia imekamilika. Unaining'iniza chini ya meli kwa nyuzi nyembamba za kuvulia, ndani kabisa ya mwale wa sauti, juu vya kutosha ili jibu lake lisichanganyike na la sakafu. Unapiga. Mtambo unapaswa kusoma namba uliyohesabu, usiposoma, unaurekebisha.

Kabla ya kushushwa, gololi na mafundo ya nyuzi huchovywa kwenye maji ya sabuni, sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, kisha haiguswi tena kwa mkono. Kiputo kimoja cha hewa kikinata pale, nacho kitajibu.